Taya Lililoyahama Meno

Aliyatoa kwenye kitambaa akayaweka mezani kama mtu anayerudisha kiatu dukani. “Mwanangu, meno haya yamepanuka. Nifanyie mengine.”

Meno ya bandia ya akriliki, ile plastiki ngumu, hayapanuki mdomoni kiasi cha kulegea. Lakini lalamiko hilo nimelisikia mara nyingi mno, na kwa miaka mingi nililijibu kwa kuchukua tupa na kupunguza hapa na pale, kisha kumwambia mtu arudi baada ya wiki. Kisa hiki ndicho kilichonifunza kuanza na taya kabla ya kuyagusa meno.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia katika kliniki ndogo hapa Amu, yaani Lamu. Daktari wa meno hutujia kutoka Malindi mara mbili kwa mwezi. Siku nyingine tunabaki mimi, plasta, nta na wagonjwa wasioweza kumngoja. Mwenye kisa amenipa ruhusa nikisimulie kwa masharti mawili, nisitaje jina lake wala mtaa wake. Mji wenyewe ni mdogo, ukitaja kisima tu watu wanajua nyumba, kwa hivyo nimebadilisha na mambo mengine mawili matatu yasiyohusu mdomo. Nitamwita Bi Mkubwa, kama wanavyomwita wote.

Alichokuja nacho

Bi Mkubwa ana miaka 72. Kwa zaidi ya miaka thelathini amesomesha watoto Kurani darini kwake, na bado anao wanafunzi wachache, wajukuu na watoto wa jirani. Ana presha na anakunywa vidonge kila siku. Sukari hana. Alianza tambuu alipoolewa: jani, popoo, chokaa na tumbaku kidogo, kila baada ya chakula na katikati ya mazungumzo. Alipofika miaka ya arubaini fizi zilikuwa zikitoka damu na meno yakicheza. Mawili, anasema, aliyatoa mwenyewe kwa vidole akiwa anakosha vyombo. Yaliyobaki yaling’olewa yote mwaka 1996, akiwa na miaka 44. Alipoketi mbele yangu Februari 2024 alikuwa ameishi kibogoyo miaka 28.

Malalamiko yake yalikuwa matatu, na la nne alilificha. Bamba la chini, yaani lile pande linaloshika meno ya bandia ya chini, halitulii, linapanda kila akifungua mdomo. Pembe za mdomo zina vidonda visivyopona. Na upande wa kushoto chini, akiuma kitu, anapigwa na kitu kama umeme mpaka mdomoni, kisha mdomo wenyewe unabaki na ganzi.

La nne alilitoa akiwa amesimama mlangoni, anavaa viatu. Herufi za Kiarabu zimemkimbia. Akisoma, thaa inatoka sini, na faa inatoka na upepo. Mtoto mmoja chuoni, kwenye darasa lake la Kurani, alimuiga, wenzake wakacheka. Nikaliandika mwisho wa karatasi kwa herufi ndogo, kama jambo la pembeni. Baadaye ndilo lililonisaidia kuliko mengine yote.

Kosa langu

Nilimkagua mdomo sikuona kidonda ndani. Ufizi wa kushoto ulikuwa mwekundu kidogo, basi. Nikapaka ndani ya bamba ile krimu nyeupe inayoonyesha mahali linapogusa sana, nikapaona, nikapasugua. Akaondoka akisema afadhali. Siku ya nne akarudi.

Safari hiyo niliona kitu cha kijivu kimeganda ndani ya bamba. Ulikuwa ubani maka. Alikuwa akiutafuna mpaka unalainika, kisha anaupachika ndani ya meno ili yashike. “Si ndiyo gundi yetu,” akaniambia, “na mdomo wanukia.” Tulicheka sote wawili. Lakini ubani ule ulikuwa umekauka ukafanya kivimbe kigumu, na kivimbe kilikuwa pale pale panapouma. Nikafurahi kama polisi aliyemkamata mwizi. Nikaukwangua, nikalisugua bamba tena, nikamuuzia gundi ya dukani.

Ramadhani ikaingia tarehe 12 Machi. Mdomo mkavu ni adui wa meno ya bandia, kwa sababu kinacholishikilia bamba ni utando mwembamba wa mate kati yake na ufizi. Na kati ya dawa za presha zipo zinazoukausha mdomo hata nje ya saumu. Bi Mkubwa akawa anayavua mchana kutwa. Maumivu yakapungua, nami nikajisifu kimoyomoyo. Idi ilipofika akayavaa, akauma kaimati, akaruka.

Daktari alipokuja hakuanza na bamba. Aliliweka kando, akapitisha kidole juu ya ufizi mtupu, pole pole, kutoka mbele kwenda nyuma. Alipofika mahali ambapo zamani yalikuwepo magego madogo akabonyeza kidogo. Bi Mkubwa akamshika mkono. “Hapo! Hapo hapo!”

Maumivu yalikuwepo bila bamba. Lau ningelibonyeza kwa kidole siku ya kwanza, nisingelimpotezea wiki tisa.

Sanamu tatu

Kliniki hii nimeirithi kwa mwalimu wangu, na mwalimu wangu hakutupa kitu. Chini ya meza kuna kasha lenye sanamu za plasta za midomo ya watu, nyingine za watu waliokwisha kufa, kila moja imeandikwa tarehe kwa penseli kitakoni. Nililifungua jioni ile. Za Bi Mkubwa zilikuwemo mbili: ya 1997, alipofanyiwa meno ya kwanza, na ya 2009, alipobadilisha. Mimi nilikuwa nimechukua kipimo chake Februari. Nikaziweka tatu kwa mpangilio.

Sijui kama nitaweza kueleza vizuri nilichokiona, maana mtu asiyefanya kazi hii akiitazama plasta anaona plasta. Sanamu ya 1997 ina tuta la ufizi chini lililosimama kama ukingo wa bakuli. Mbele, kutoka kwenye mfereji ulio kati ya mdomo na ufizi hadi kileleni, kalipa yangu ya kupimia ilisoma 10 mm. Ya 2009 ilisoma 4 mm, na kilele kilikuwa chembamba, chenye makali. Ya 2024 haikuwa na tuta la kupima. Mbele palikuwa bapa. Pembeni palikuwa pamebonyea, tuta limegeuka mfereji. Juu hali ilikuwa tofauti. Tuta la juu limepungua kama 3 mm kwa miaka yote hiyo, ila limesogea ndani, upinde umekuwa mdogo.

Sanamu inaonyesha ufizi. Mfupa umefichika chini yake, na hilo nililikumbuka. Hata hivyo tofauti ya juu na chini haikunishangaza. Mwaka 1972 mtafiti Tallgren alichapisha utafiti uliofuatilia wavaaji wa meno ya bandia kwa kipindi cha miaka 25, akaonyesha kwamba mfupa haukomi kupungua, na kwamba mbele, taya la chini hupoteza kimo karibu mara nne ya taya la juu. Sababu moja iko wazi ukiyashika mabamba mawili mkononi. La juu limeegemea kaakaa zima, uzito wa kutafuna unatandazwa. La chini ni kama kiatu tu cha farasi, eneo lake ni kama nusu ya la juu, na mzigo ni ule ule.

Sasa mfupa huu unaenda wapi? Watu wa mji wetu hawahitaji mfano wa mbali. Vuka uende Takwa, kisiwani Manda, utazame kuta zilizobaki. Nyumba ya mawe na chokaa ikiwa na watu, na boriti ziko juu, inakaa vizazi. Ikihamwa, dari ikaanguka, mvua ikaingia ndani ya kuta, hata mawe yale yale yanaanza kumomonyoka kutoka juu kushuka. Msingi ndio unaobaki mwisho.

Taya la chini ni hivyo hivyo. Lina msingi, ule mfupa mnene wa chini, na juu yake lina kuta za matundu ambayo meno hukaa. Kuta hizo huja na meno. Kwa mtoto mchanga bado ni fupi. Zinainuka meno yanapoota. Na jino halikuchomekwa kwenye tundu lake kama msumari. Limening’inizwa na nyuzi nyingi fupi zilizoshikana na ukuta, kwa hiyo kila unapotafuna, jino linazama kidogo na nyuzi zinauvuta ukuta. Mvuto huo ndio unaouambia mfupa kwamba bado unahitajika. Daktari Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba, na mdomoni kanuni hiyo inaonekana kuliko pengine popote. Jino likitoka, nyuzi zimekwenda nalo. Mfupa haujapata ugonjwa wowote, umekosa kazi. Seli zinazoula zinaendelea na kazi yao ya kila siku, zile zinazoujenga zinalegea.

Bamba je, si linaleta mzigo? Linaleta, lakini wa aina nyingine. Linakandamiza kutoka juu, kupitia ufizi. Mfupa hupenda kuvutwa, haupendi kukandamizwa, na unapokandamizwa hukimbia. Ndiyo maana mtu anayelala na meno yake mdomoni usiku na mchana haupi mfupa mapumziko hata hayo machache. Bi Mkubwa alilala nayo miaka 27. Hakuna aliyemwambia ayavue, na zaidi ya hapo, akaniuliza kwa upole, mwanamke atalala vipi kibogoyo mumewe akiwa hai?

Hasara kubwa zaidi hutokea mwanzoni. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulipima matundu ya meno yaliyong’olewa ukakuta upana wa tuta umepungua karibu nusu ndani ya miezi 12, na theluthi mbili za upungufu huo zilitokea katika miezi mitatu ya kwanza. Ukuta wa upande wa mdomo, mbele, aghalabu ni mwembamba kama karatasi, nao ndio unaotangulia. Kwa hivyo ile sanamu ya 1997, niliyoisifu kuwa ya tuta zuri, ilikuwa tayari sanamu ya taya lililoumia. Ya kabla ya 1996 hatunayo.

Kakake

Nyumbani kwao wote walikuwa na jibu moja: uzee. Kidevu kimetokeza, mashavu yameingia, pua inakaribia kukutana na kidevu, ndivyo wazee walivyo. Binti yake aliniambia kidevu cha mama “kimeota.”

Hakijaota. Taya la juu likipoteza meno hupungua kuelekea juu na ndani, kwa sababu ukuta wake wa nje ndio unaoliwa zaidi. La chini hushuka, na kadiri linavyoshuka upinde wake unazidi kuwa mpana, kwani msingi wa taya ni mpana kuliko kuta zake. Basi la juu linadogoka, la chini linabaki pana, na kimo kati ya pua na kidevu kinafupika kwa sababu hakuna meno ya kuyazuia mataya yasikaribiane. Kidevu kinazunguka kwenda mbele na juu. Midomo, iliyopoteza kitu cha kuegemea, inakunjika kwa ndani. Pembe zake zinapata mkunjo ambao mate yanatuama, na palipo na unyevu wa daima fangasi humea. Vile vidonda vya pembeni alivyovipaka mafuta ya kila aina ndivyo hivyo.

Na uzee wenyewe? Siwezi kuuondoa kabisa. Mwili wa mtu mzima hujenga mfupa kwa uvivu zaidi, wanawake zaidi baada ya kukoma hedhi, na hata ateri inayopita ndani ya taya la chini hupungua nguvu kwa umri. Lakini Bi Mkubwa ana kakake, nahodha wa jahazi aliyestaafu, mwenye miaka 79. Alimsindikiza dada yake siku moja nikamwomba anifungulie mdomo. Meno 25, yamelika, yana madoa ya kahawa, lakini yamekaa. Uso wake una mikunjo kama ramani, ila umbali kutoka puani hadi kidevuni ni wa mtu wa miaka 40. Yeye ni wa mswaki wa mti, tambuu hakuwahi kuionja. Mtu mmoja si ushahidi, najua. Lakini baba mmoja, mama mmoja, miaka saba zaidi, na taya limebaki taya. Mwenye kutaka kuniambia ni umri, aanze na nahodha.

Safari ya Malindi

Eksirei ya taya nzima ilitubidi tuifuate Malindi. Boti mpaka Mokowe, kisha basi, Hindi, Witu, Garsen, na Bi Mkubwa analalamika njia nzima kwamba ameambiwa ni jino, kumbe ni safari ya harusi.

Picha ilisema kile kidole cha daktari kilichokwisha kusema. Mbele, kwenye kidevu, mfupa ulibaki 15 mm. Mtu mwenye meno yake huwa na kama mara mbili ya hiyo. Pembeni ulikuwa 9 mm. Na kushoto, tundu ambalo mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini unatokea lilikuwa limefika juu kabisa, halina paa.

Hapo ndipo umeme ulipotoka. Mshipa huu hupita ndani ya taya la chini kama waya ndani ya ukuta, kisha hutokeza nje chini ya magego madogo kwenda kuupa mdomo na kidevu hisia. Kwa mtoto mchanga tundu hilo liko karibu na ukingo wa chini wa taya. Kwa mtu mzima mwenye meno liko katikati. Kwa kibogoyo wa siku nyingi liko juu. Tundu lenyewe halikutembea. Ni mfupa wa juu yake uliokwenda. Bi Mkubwa alikuwa akitafunia juu ya mshipa mtupu, na mimi nilikuwa nasugua bamba kutafuta kidonda.

Kuna mpangilio wa wataalamu wawili, Cawood na Howell, wa mwaka 1988, unaoyagawa mataya kwa madaraja sita, kuanzia lenye meno mpaka lililoanza kupoteza hata msingi. Daktari aliandika daraja la tano mbele, la sita pembeni. Kisha akamgeukia binti na kumwambia jambo ambalo mimi nisingelifikiria: ngazi. Nyumba za mawe za Amu zina ngazi za kusimama wima na zenye kuteleza, na taya lililo chini ya 10 mm likipigwa huvunjika kwa urahisi, na likivunjika ni kazi ngumu kulishikiza. Wiki ile ile walifunga kamba ya kushikia.

Kuhusu tiba daktari alimpa njia mbili. Ya kwanza, kupandikizwa parafujo mbili za titani mbele, kati ya matundu mawili ya mshipa, mahali ambapo mfupa hubaki hata pembeni pakiisha, kisha bamba la chini linabanwa juu yake kama kifungo. Hiki si kitu cha majaribio. Daktari Per-Ingvar Brånemark alimpandikizia mgonjwa wa kwanza kule Gothenburg, Uswidi, mwaka 1965, na mtu yule akaishi nazo zaidi ya miaka 40. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana chuo kikuu cha McGill, Kanada, walitamka kwamba parafujo mbili ndizo zinazopaswa kuwa chaguo la kwanza kwa kibogoyo wa taya la chini. Zaidi ya kushika bamba, parafujo zinaurudishia mfupa wa mbele kazi, na mfupa wenye kazi hupungua kwa kasi ndogo sana. Njia ya pili, bamba jipya la kawaida, lakini lililofanywa kwa kulifuata taya lilivyo leo.

Bi Mkubwa alisikiliza yote. Kisha akauliza, “Na nikifa, nazikwa nazo?”

Daktari akasema ndiyo.

“Basi nitakwenda na vyuma vya watu.” Akatikisa kichwa. “Sendi kutobolewa utaya kwa umri huu. Hayo mengine nifanyieni.”

Binti hakufurahi. Mimi pia, kusema kweli, maana naamini parafujo zingemfaa. Presha yake haikuwa kizuizi, na hajawahi kutumia zile dawa za mifupa zinazofanya upasuaji wa taya uwe wa hatari. Gharama ilikuwemo ndani ya jibu lake, hakuitaja, na sikuona haja ya kumlazimisha aitaje.

Bamba jipya

Niliamua nisilifuate bamba la zamani kwa kitu chochote. Hili ni kosa la kawaida kwetu mafundi: mgonjwa akileta meno yaliyolegea tunayaiga, tunafanya mengine ya sura ile ile kwa taya ambalo halipo tena.

Kipimo nilikichukua kwa sahani niliyomfanyia yeye mwenyewe, nikamtaka ameze, atoe ulimi, avute midomo, ili kingo za bamba zifike pale misuli inaporuhusu na zisipite. Nyuma nililifikisha mpaka kwenye vile vijivimbe laini vilivyo nyuma ya mahali pa gego la mwisho, kwa sababu sehemu hiyo haipungui sana na inaweza kubeba. Juu ya sanamu, penye matundu mawili ya mshipa, nilibandika karatasi ya risasi nyembamba kabla ya kupika akriliki, ili bamba lipite juu ya mshipa bila kuugusa. Kwa magego nilichagua yaliyo bapa, yasiyo na vilima, yasilisukume bamba huku na huku. Nayo sikuyapanga mahali nilipotamani yaonekane, niliyapanga katikati ya nguvu mbili, shavu likisukuma kwa nje na ulimi kwa ndani. Ulimi hauna mfupa, wanasema, lakini ndio unaorusha meno ya watu mezani.

Kimo cha uso kilinipa taabu zaidi. Kwa picha yake ya harusi na kwa kulinganisha na sanamu za zamani, alikuwa amepoteza milimita nyingi. Ukimrudishia zote kwa siku moja, misuli inakataa, meno yanagongana akizungumza kama kokoto. Nilipandisha 4 mm.

Nitajuaje kama ni sawa? Vitabuni wanasema mpe mgonjwa maneno yenye efu na esi. Nikakumbuka yale maneno ya mlangoni, nikamwomba anisomee. Alianza na Fatiha, lakini Fatiha haina faa wala thaa, watu wa chuo wanalijua hilo. Nikamwomba sura ya Falaq.

Sura fupi ile ni kipimo kizuri kuliko nilichofundishwa. Falaq yenyewe: faa inatoka ncha za meno ya juu zikigusa mdomo wa chini kwa ndani, meno yakiwa mafupi au yameingia ndani, inatoka pumzi tupu. Audhu, na idha: ncha ya ulimi inagusa ncha za meno ya juu. Naffathati ina faa na thaa zimefuatana, hakuna pa kujificha. Hasid ina sini, inayotaka meno ya juu na ya chini yakaribiane bila kugusana. Kimo kikizidi yanagongana, kikipungua inatoka shini. Tulikuwa bado kwenye nta, meno yanaweza kusogezwa. Alisoma, nikasogeza meno mawili ya mbele nje kwa milimita moja na kitu. Akasoma tena. Mara ya tatu alinyamaza kidogo baada ya naffathati, akairudia peke yake, kwa ajili yake mwenyewe.

Alilipata bamba Juni. Umeme haukurudi hata siku moja. Ganzi ilichukua wiki kadhaa kuondoka, na sehemu ndogo kidevuni haijaisha. Vidonda vya pembeni vilikauka kwa dawa ya fangasi na kwa kile kimo kilichopanda. Anayavua usiku, anayaweka kwenye bilauri ya maji, mumewe alifariki siku nyingi. Anakula wali, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina, embe akikatiwa. Pweza hapana, na sikumdanganya. Bamba la chini bado huelea akicheka sana. Kwa taya la daraja la sita bila parafujo, hapo ndipo ufundi wangu unapofikia, na mfupa utaendelea kupungua, ingawa polepole. Nimempangia aje kila baada ya miezi sita nijaze ndani ya bamba panapobaki wazi, na eksirei nyingine baada ya miaka miwili. Mfupa ukishuka sana chini ya ulivyo sasa, suala la parafujo litarudi mezani, akitaka asitake.

Wakati wa Maulidi alikuja akilalamika kwamba sini inapiga mluzi. Wageni walikuwa wamejaa mjini na yeye alikuwa na kazi ya kusoma mbele za watu. Nikamwomba anisomee sura ya Nas, kwa ajili ya sini za neno waswas. Mluzi ulikuwepo kweli, mdogo. Nilipunguza nyuma ya meno mawili ya mbele, nusu milimita, nikang’arisha, nikamvisha. Akasoma. Nikanyoosha mkono kutaka kupunguza kidogo tena, akafunga mdomo.

“Wacha hapo, mwanangu. Usinigeuze kijana.”